Karanga tamu zisizo na sukari, kwa sigiri ya nyumbani Bombo

Nimepika jeshini miaka 22. Nilizoea kusonga posho, yaani ugali, ya kombania nzima kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na sasa mniangalie nyuma ya nyumba yangu hapa Bombo, Uganda, nimeinamia gramu 250 za karanga nikipima kijiko kimoja kimoja. Mama watoto anacheka mpaka anashika ubavu. Acha acheke. Daktari aliponiambia nina kisukari sikuihuzunikia soda wala chai ya maziwa, nilihuzunikia kashata. Na kashata naijua: karibu nusu yake ni sukari tupu.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Mtoto wangu aliniletea kutoka supamaketi ya Kampala pakiti ya erithritoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, ile chengachenga nyeupe inayofanana nayo. Nikafanya kama kashata ya kawaida: nikaiyeyusha kwenye sufuria na maji kidogo, nikangoja igeuke kahawia. Ikayeyuka vizuri, ila rangi haikuja. Nikamwaga karanga, nikakoroga, nikatandaza kwenye sinia. Zilipopoa zikawa nyeupe pe, zimeshikwa na kitu kama chokaa, na ukitafuna mdomo unapata baridi kana kwamba umelamba dawa ya meno. Mama watoto akauliza, "Mzee, umezipaka rangi ya ukuta?"

Sababu niliielewa baadaye. Sukari ikiungua kidogo hugeuka kahawia, ikipoa inakuwa kama kioo. Erithritoli haifanyi hivyo. Inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 121, na ikipoa inarudia chengachenga zake. Kwa hiyo usiitengenezee shira. Ishikishe kwenye karanga kwa ute wa yai, kisha kausha kwa moto mdogo. Ukishika hilo, kazi imebaki ndogo.

Soma pakiti kabla ya kulipa. Mimi niliwahi kununua nyingine iliyoandikwa stevia, kitamu cha majani, kwa herufi kubwa, nikajimwagia kwa raha zangu, na kipimo cha jioni kikapanda. Nikavaa miwani nikasoma nyuma: ndani mlikuwa na dekstrosi na maltodekstrini (unga wa wanga), na stevia yenyewe chembe tu. Dekstrosi ni glukosi hiyohiyo tunayoikimbia. Maltitoli, kitamu kingine cha pakiti, nayo iache, inapandisha sukari hata kama si sana. Zailitoli, ya jamii hiyohiyo, inafaa kwa mtu, ila ni sumu kwa mbwa, hata kidogo tu, na mimi nina mbwa anayeokota kila kinachodondoka. Erithritoli tupu ndiyo niliyobaki nayo. Utamu wake ni kama asilimia 70 ya sukari, kwa hiyo usishangae ukihisi pungufu. Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake kwanza, maana mwaka 2023 watafiti wa Cleveland Clinic kule Marekani walitoa utafiti unaoihusisha na kuganda kwa damu. Haukuthibitisha kwamba ndiyo inayosababisha, lakini kuuliza si kazi.

Sasa karanga. Watu wanadhani wanga wa karanga zote na korosho ni mmoja. Sivyo. Ukitoa nyuzinyuzi, gramu 100 za karanga zina wanga kama gramu 8. Makadamia kama 5, lozi kama 9. Korosho zina kama 27! Korosho ni tamu, hasa zile za Mtwara, lakini kwa mgonjwa wa sukari ni mtego wenye sura nzuri. Mimi natumia karanga ndogo nyekundu, ile mbegu wanayoiita Red Beauty, kwa sababu ngozi yake inashika utamu vizuri. Zile za Serenut zilizotoka kituo cha utafiti cha Serere ni nzuri pia. Usizimenye. Ngozi ndiyo inayokamata ute.

Sokoni chukua chache uzitikise kiganjani: kavu zinalia, mbichi zinanyamaza. Vunja moja kwa meno, ikatike, isipinde. Yoyote iliyokunjamana, yenye weusi au harufu ya vumbi la ghala, tupa. Ukionja ikawa chungu, iteme. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa karanga, haiishi kwa kukaangwa, na jikoni hakuna ujanja wa kuiondoa. Mimi huzimwaga zote kwenye ungo juani na kuchambua moja moja. Ni nusu saa ya redio.

Vipimo vyangu ni hivi: karanga gramu 250, ute wa yai moja, maji kijiko kimoja cha chai, erithritoli gramu 60 (vijiko vya chakula kama vitano ikishasagwa), mdalasini kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Nikiwa na vanila naongeza. Sisi Uganda vanila tunalima wenyewe, Mukono, Kayunga mpaka Bundibugyo, kwa hiyo ni aibu kununua maji ya rangi yenye harufu ya viwandani. Pasua ganda, kwangua mbegu zake kwa ncha ya kisu, robo ya ganda inatosha.

Erithritoli itwange kwenye kinu mpaka iwe unga laini, kisha ichekeche. Ukiruka hapa utatafuna mchanga. Changanya na mdalasini na chumvi. Chumvi usiipunguze, kwangu ndiyo inayofanya ule ubaridi wa mdomoni usisikike sana.

Kaanga karanga kavu kwanza, bila mafuta, moto wa chini, dakika nane hadi kumi, ukigeuza bila kupumzika. Zitoe ngozi inapoanza kulegea na harufu imefika mlangoni. Hazijaiva bado na ndivyo tunavyotaka. Ziache zipoe kabisa, kwa sababu zikiwa moto ute utaiva palepale na kuwa mayai ya kuvuruga.

Piga ute na yale maji kwa uma mpaka utoe povu kama la sabuni ya kufulia. Si lazima usimame kama wa keki. Mimina karanga, geuza mpaka kila moja ing'ae. Kama ute umebaki chini ya bakuli, umezidi: chuja. Hapo ndipo unanyunyiza unga wako mara tatu, ukigeuza kila mara. Ukiumwaga wote kwa pamoja unashika karanga za juu, za chini zinabaki uchi.

Mwenye oveni aiweke nyuzi 130 na amalize. Mimi nina sigiri. Chukua sufuria kubwa ya zamani, weka mchanga mkavu ndani kina cha vidole viwili, funika, weka juu ya mkaa mchache robo saa ipate joto. Karanga zitandaze kwenye sinia la bati lenye karatasi ya kuokea, zisipandane, weka juu ya mchanga, funika kwa bati, kisha palia makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Hivi ndivyo tulivyooka mikate porini, na hakuna askari aliyerudisha. Kujua kama moto umezidi, kabla ya karanga tanguliza kipande cha karatasi nyeupe humo ndani dakika tano. Kikigeuka kahawia, ondoa makaa. Kikibaki cheupe au kimegusa unjano kidogo, endelea.

Baada ya dakika 15 funua, geuza kwa mwiko, tenganisha zilizoshikana. Rudisha dakika nyingine 10 hadi 15. Zikitoka zitakuwa laini, zinanata kidogo, na utasema mzee wa Bombo amekudanganya. Usizirudishe motoni! Hapa ndipo watu wengi wanaziunguza. Ziache kwenye sinia nusu saa bila kuzigusa. Ukoko unakauka wenyewe, na ukizitikisa zinalia kama kokoto.

Mimi nakula kiganja kimoja, kama gramu 30, saa kumi jioni. Wanga wake hauzidi gramu tatu. Kashata ya uzito huohuo ingenipa kama 15 za sukari peke yake. Siku ya kwanza nilipima sukari ya damu kabla, milimoli 6.4 kwa lita, saa mbili baadaye 6.9. Mwili wako si wangu, kwa hiyo pima wako, na dawa usiache kwa sababu ya karanga. Na kiganja ni kiganja. Mafuta ya karanga hayapandishi sukari sana, lakini tumbo linayahesabu, na erithritoli nyingi kwa mara moja inakimbiza mtu chooni.

Zihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, zikishapoa kabisa. Kwangu zinakaa wiki mbili. Msimu wa mvua zinalegea mapema, basi zirudishe kwenye sufuria ya mchanga dakika tano na uziache zipoe tena.

Kiini kilichobaki usikitupe. Mimi nakivuruga na yai la pili, nyanya na kitunguu, nakula wakati karanga zinapoa. Kinanizuia kuzidokoa.