Namna ya kutoa maoni kuhusu mafunzo ya wodi ya wazazi, yakafanyiwa kazi

Wadogo zangu mnaokuja Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, kwa rotesheni (kipindi cha mafunzo wodini) ya afya ya wanawake, fomu ya tathmini mtaletewa mwishoni kabisa, mmechoka, akili yote iko kwenye mtihani. Mtajaza "nzuri sana" kuanzia juu hadi chini, mtasaini, mtaondoka. Fomu ya hivyo haimsaidii mwalimu wala watakaokuja nyuma yenu. Maoni yaanze siku ya kwanza.

Tafuta kijidaftari kinachoingia mfuko wa koti. Ukitoka zamu andika: leo nimefanya nini kwa mkono wangu, nani alikuwa pembeni, na nilipomaliza aliniambia nini. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kuchungulia upasuaji nyuma ya mabega ya wenzako ni kitu kimoja. Kupima njia, yaani kupima kwa vidole mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, kisha anayekusimamia akakwambia kama umepata, ni kingine kabisa.

Chukua patografu, ile chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu. Darasani utachorewa mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, iliyoachana kwa muda wa saa nne, na utajibu mtihani vizuri. Leba ni habari nyingine. Mama amefika usiku kwa bodaboda, uchungu umekolea, sista anakupa fetoskopu uhesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Unasema 96. Sista mzuri hakemei. Anakushikisha kifundo cha mkono cha mama, usikilize huku unapapasa, na hapo unagundua kuwa ulikuwa unahesabu mapigo ya mama mwenyewe. Anausogeza mkono wako, unasikiliza upya, unapata 142, ndani ya kiwango cha kawaida cha mtoto, 110 hadi 160 kwa dakika. Dakika hizo ziandike kama zilivyo. Fomu niliyojaza mimi iliuliza kuhusu wahadhiri na madaktari bingwa tu. Wakunga, waliotufundisha usiku kucha, hawakuwa na hata mstari. Kama yenu ni hivyo, andikeni pembeni.

Vijana wa kiume, hapa muwe waangalifu. Mama akikataa kupimwa na wewe, ni haki yake, wala si upungufu wa mafunzo. Ila ukitolewa leba kabla mama hajaulizwa, andika, na uombe mwanafunzi atambulishwe kwa jina na ruhusa iombwe.

Usiandike "dokta mkali". Hospitali moja niliyopita, nje ya mkoa huu, mwanafunzi akikosea jibu kwenye raundi alitahayarishwa mbele ya wagonjwa, na jibu lenyewe hakupewa. Andika hivyo: kilichosemwa, na kilichokosekana. Mama anavyosemeshwa akiwa kwenye uchungu nako kuandikwe, maana mwanafunzi huiga alichokisikia, na hili linaniuma kuliko yote.

Msingoje mwisho. Rotesheni ikifika nusu, kiongozi wa kundi akusanye madaftari, achape yote kwa pamoja bila majina, kwani kundi dogo mwandiko hujulikana. Kisha mwende kwa msimamizi na maombi mawili tu, yanayowezekana wiki hiyohiyo: zamu ya usiku iwe na wanafunzi wawili badala ya kundi zima, na kila atakayepima njia asahihishwe palepale. Wiki ikiisha mrudieni, mumuulize kwa adabu yamefikia wapi.