Jinsi ya kusoma uuguzi: hatua ninazowapa wanafunzi wa fildi hapa Mbeya

Wanafunzi wa uuguzi ninaowasimamia wodini wanajituma kweli. Baridi ya Juni hapa Mbeya wanaijua, lakini wanajifunika blanketi na kupiga msuli hadi usiku wa manane. Asubuhi ukimuuliza mmoja alichosoma, anasema, "Sista, nimekisoma jana, ila kimenitoka." Namwamini. Amepitia desa (notisi) lile lile mara nne hadi amelizoea kwa macho, lakini hajawahi kulifunga akajaribu kulisema mwenyewe. Anzia hapo.

Hatua ya 1: Geuza desa kuwa maswali

Chukua kaunta buku, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto swali, kulia jibu. Mfano ni magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Usiandike "Eleza magnesiamu salfeti." Andika swali ambalo mkunga wa zamu angekuuliza ukiwa umeshika sindano: kabla ya kumpa mama mwenye kifafa cha mimba dozi inayofuata ya dawa hii, unaangalia nini?

Jibu lina mambo matatu. Anapumua si chini ya mara 16 kwa dakika. Ukimgonga chini ya goti mguu unaruka. Na mkojo wake si chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi haitolewi, unamwita mkubwa wako mara moja.

Wengi huishia hapo, wakakariri 16, goti, 30, na kwenye mtihani wanazichanganya. Ongeza swali la "kwa nini". Magnesiamu ikizidi mwilini hulegeza mawasiliano ya neva na misuli: goti huacha kuitika kwanza, kisha pumzi hufuata. Figo ndizo zinazoitoa, hivyo mkojo ukipungua, dawa inajilimbikiza. Ukishaelewa hivyo, huwezi kusahau mambo matatu hayo, na utajua pia kwa nini kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga sumu ya magnesiamu, lazima iwe karibu.

Hatua ya 2: Funika upande wa kulia

Weka karatasi juu ya majibu, ujibu kwa sauti au kwa kuandika. Usikimbilie kuchungulia, pale unapohangaika kukumbuka ndipo kichwa kinapofanya kazi. Uliloshindwa liwekee alama. Lirudie kesho, kisha baada ya siku 3, kisha baada ya wiki. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kumbukumbu akachapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya tunachosahau huondoka mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo. Kwa hiyo rudio la kwanza lisicheleweshwe hadi wiki ya mtihani.

Hatua ya 3: Hesabu moja ya dripu kila siku

Moja tu, ila kila siku. Mgonjwa apewe mililita 1000 kwa saa 8, seti (mpira wa dripu) inatoa matone 20 kwa mililita. Saa 8 ni dakika 480. Zidisha 1000 kwa 20, gawanya kwa 480: unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Sasa badilisha seti iwe ya matone 15: inakuwa 31. Ndiyo maana nasisitiza kusoma pakiti ya seti kabla ya kuifungua. Ukiwa wodini, shika saa uhesabu matone kwa sekunde 15. Kwa 42, utarajie 10 au 11.

Hatua ya 4: Mweleze bibi

Madesa yako ni ya Kiingereza, mgonjwa wako ni bibi aliyetoka Rungwe. Mwenzako chumbani awe bibi, wewe anza: "Shikamoo bibi. Hii dawa ya presha unatakiwa kuinywa kila siku, hata siku ambayo kichwa hakiumi, kwa sababu presha inaweza kupanda bila wewe kusikia chochote." Ukikwama katikati, hapo ndipo hujaelewa; rudi kwenye desa.

Diskasheni iwe ya watu watatu au wanne, kila mmoja aje na maswali yake. Watu kumi ni mkutano.

Hatua ya 5: Mtihani wa vitendo

Fanya kwa mikono huku unasema unachofanya, mwenzako ameshika orodha ya hatua. Kusoma orodha pekee hakutoshi. Na usiku wa kuamkia mtihani ulale. Usingizi ndio unaokusaidia kuhifadhi ulichosoma.

Hatua ya 6: Toka wodini na maswali

Zamu ikiisha, kabla hujapanda bajaji, andika mambo mawili au matatu uliyoyaona ukashindwa kuyaeleza: kwa nini mgonjwa huyu kawekewa oksijeni na yule hapana, kwa nini dozi ya mtoto imepigiwa hesabu kwa uzito. Yatafute jioni hiyo hiyo, uyaingize kwenye kaunta buku. Jina la mgonjwa au namba ya faili visiingie humo. Andika umri na hali yake tu.