Jinsi ya kusoma data za mazao ya mafuta Tanzania bila kujichanganya

Kila mafuta ya kula yakipanda bei watu wanaanza kurusha takwimu, huyu anasema tunalima alizeti kibao, yule anasema mafuta mengi tunaagiza nje, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi ila kila mtu anaongelea kitu chake. Mimi inaniuma kwa sababu mkulima wa Singida anaamua alime nini kwa kusikiliza maneno kama haya. Basi nawaonyesha ninavyofanya mwenyewe, unahitaji bando na eksel tu.

Ingia FAOSTAT, ile hifadhi ya data ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), ni bure, kisha fungua sehemu ya Food Balances, yaani mizania ya chakula. Kwenye orodha ya nchi usihangaike na herufi T, tuko kwenye U, United Republic of Tanzania, wengi wanakwama hapo wanadhani hatumo.

Sasa hapa ndio penyewe, soma taratibu. Kuna makundi mawili yanayofanana jina, Oilcrops na Vegetable Oils, na ukiyachanganya kazi yako yote imeharibika. Oilcrops upande wa chakula ni yale mazao tunayokula yenyewe, nazi, karanga, ufuta. Mama akikaa kwenye mbuzi akakuna nazi yake, akachuja tui akatia kwenye kisamvu, au akatwanga karanga akaweka kwenye mchicha, hiyo ni Oilcrops. Ila alizeti iliyopelekwa mashineni Singida ikakamuliwa, mafuta yakaingia kwenye dumu la njano na mashudu yakabaki kwenye gunia, hiyo inahesabiwa kwenye safu ya usindikaji, halafu mafuta yake yanaibukia kule Vegetable Oils, yanakaa pamoja na mawese yanayokuja kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Kwa hiyo unaweza kukuta mstari wa chakula wa Oilcrops umelala tu miaka mingi wakati alizeti inapanda, na hakuna aliyekosea. Ukitaka picha kamili shusha makundi yote mawili uyaweke kwenye grafu moja.

Hesabu ya FAO ni hii: uzalishaji, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, rekebisha akiba, halafu toa mbegu ya kupanda, chakula cha mifugo, upotevu, kilichosindikwa na matumizi yasiyo ya chakula, kinachobaki ndio chakula. Angalia ufuta wa Lindi na Mtwara, unalimwa mwingi lakini sehemu kubwa inauzwa nje, ukisoma safu ya uzalishaji peke yake utadhani nchi nzima tunakula ufuta asubuhi na jioni. Na hicho "chakula" maana yake ni kilichopatikana kwa watu, sio lazima kiwe kimefika tumboni.

Data inaanza 1961 (kwa hiyo ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza 1947 ukafa 1951, humu hauonekani kabisa). Kuna mafaili mawili, la zamani linaishia 2013 na jipya linaanza 2010, na njia ya kukokotoa ilibadilishwa katikati. Usiyaunge hivi hivi! Chukua miaka minne inayogongana, 2010 hadi 2013, linganisha namba za huku na za kule, kama zimeachana basi chora mistari miwili tofauti, maana ukiunganisha utaona mruko ambao shambani haukutokea. Pia tumia wastani wa miaka mitatu mitatu, mwaka mmoja wa ukame Dodoma usikudanganye ukasema ndio mwelekeo.

Halafu gawanya kwa watu. Sensa ya 1967 tulikuwa milioni 12.3, sensa ya 2022 tukawa milioni 61.7, yaani mara tano. Zao lililoongezeka mara tatu tangu 1967 linapigiwa makofi, kumbe kwa kila mtu limepungua.

Mwisho pima namba zako kwa kitu unachokijua. Miaka ya 2019 na 2020 serikali ilikuwa inataja mahitaji ya mafuta ya kula kama tani 570,000 kwa mwaka, na uzalishaji wa ndani kama tani 205,000. Kwa watu milioni 57 mahitaji hayo ni kilo 10 kwa kila mtu kwa mwaka, ni kama gramu 27 kwa siku, gramu moja ya mafuta ina kalori karibu 9, unapata kalori kama 240. Cha ndani ni kilo 3.6 tu. Ukiona umepata robo ya kalori moja rudi kaangalie, huenda umesahau kwamba tani za FAO zimeandikwa kwa maelfu.

Ukishachora, weka alama kwenye miaka yenye matukio. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka nje hadi asilimia 25 na yaliyosafishwa hadi 35, na mwaka huohuo 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaanza kusukuma michikichi (miti ya mawese) kule Kigoma. Ila mchikichi unakaa kama miaka mitatu au minne ndio uanze kuzaa, kwa hiyo mche uliopandwa 2019 usiutafute kwenye data ya 2020 halafu ukasema mpango umefeli.