SOMO: Jinsi ya kununua bunduki kuukuu za jeshi kihalali hapa Marekani, jimbo kwa jimbo (maswali ya wanachama yapo chini)

Wakuu habari za wakati huu. Watu wengi wamekuwa wakiniuliza inbox kuhusu hizi bunduki za mitumba ya jeshi, Mosin-Nagant, Lee-Enfield, Mauser, Garand, kwa hiyo naandika mara moja kwa wote. Na kuna kitu kinanikera, video nyingi zinasema chukua tu leseni ya mkusanyaji (ile ya shirikisho kwa anayekusanya silaha za zamani) halafu bunduki inaletwa mpaka mlangoni, na kwa mtu wa Texas au Kentucky ni kweli kabisa, lakini wewe wa New Jersey au Illinois ukifuata hiyo video unaweza kuishia na kesi ya jinai, na kama bado hujapata uraia basi kesi ya silaha inagusa mpaka karatasi zako. Leseni ya shirikisho haifuti sheria ya jimbo. Shikeni hapo kwanza.

HATUA YA 1: Hakikisha wewe mwenyewe unaruhusiwa

Sheria mama ni ile ya 1968, Gun Control Act, na wasimamizi ni ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Aliyewahi kukutwa na hatia ya kosa linaloweza kufungwa zaidi ya mwaka mmoja haruhusiwi, aliyekutwa na hatia ya kumpiga mwenza wake haruhusiwi hata kama lilikuwa kosa dogo. Bangi je? Hata kama jimbo lako limeiruhusu, fomu 4473 unayojaza dukani ukinunua bunduki imeandika wazi kwamba kwa shirikisho bado ni haramu, na ukidanganya kwenye fomu hilo ni kosa jingine tena.

Kwa sisi wageni: asiye na karatasi haruhusiwi. Mwenye viza ya muda, ya masomo, ya kazi, ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, kuna milango midogo kama leseni ya uwindaji. Mwenye grinkadi anaruhusiwa, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi naye hayumo kwenye katazo la shirikisho. LAKINI jimbo la Washington (nawaona ndugu zangu wa Kent na Seattle) asiye raia anatakiwa awe na grinkadi, la sivyo aombe leseni maalum ya silaha ya wageni, bila hivyo kuishika tu ni kosa kubwa. Mkimbizi mwenye miezi michache hapo asiguse kwanza.

HATUA YA 2: Jua umri wa silaha

Kuna makundi mawili watu wanayachanganya sana. La kwanza ni silaha ya kale, yaani iliyotengenezwa 1898 au kabla, hiyo kwa sheria ya 1968 haihesabiwi hata kuwa bunduki, hakuna fomu wala kuchekiwa rekodi. La pili ndilo lenye leseni ya mkusanyaji, silaha iliyofikisha miaka 50 na iko katika umbo lake la asili, au hata kama haijafika miaka hiyo iwe ATF wameitambua kama ya makumbusho au adimu.

Kinachohesabiwa ni mwaka wa risiva, lile pande la chuma linaloshika mtutu na bolti, siyo mwaka wa mtutu wala kitako. Mfano mzuri ni Mosin za Finland aina ya M39, mtutu unaweza kuandikwa 1942, ukifungua skrubu ukatoa chuma kwenye kitako ukageuza, ule mkia wa nyuma wa risiva chini yake unakuta tarakimu ndogo 1896, maana Wafini walitumia risiva za zamani za Mrusi. Hiyo kwa shirikisho ni ya kale. Muuzaji akikwambia ni ya kale mwombe picha ya huo mkia, maneno matupu hayatoshi.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kundi hili lina utamu wake. Askari wengi wa Mjerumani waliopigana Tanga Novemba 1914 walikuwa bado na bunduki za mfumo wa 1871, zile za baruti nyeusi zenye moshi mzito unaomwonyesha adui ulipo. Hizo zote ni za kale, na kumiliki moja ni kushika kipande cha historia yetu. Ila tahadhari, Hawaii sheria yao ya kusajili inasema wazi inahusu silaha ya kisasa na ya kale, inayofanya kazi na mbovu.

HATUA YA 3: Jimbo lako. Hapa soma taratibu

Majimbo kama Texas, Kentucky na Ohio hayana kibali cha kununulia, unafuata ya shirikisho basi.

Illinois lazima uwe na kadi ya FOID, kitambulisho cha jimbo cha mwenye silaha, siyo kwa bunduki tu, hata risasi, na leseni ya mkusanyaji haiondoi FOID. Dukani kuna kusubiri masaa 72. Halafu tangu Januari 2023 kuna sheria ya kupiga marufuku silaha za kivita, na SKS (bunduki ya Kirusi ya semi-otomatiki) yenye magazini ya kuchomoa imo, wakati SKS ya asili yenye magazini ya kudumu ya risasi 10 ni habari nyingine. Kwa hiyo ukikuta SKS kwenye meza ya mtu, angalia magazini kabla hujauliza bei.

New Jersey wanataka kitambulisho cha mnunuzi wa silaha, na bastola kila moja na kibali chake. Kinachowaponza watu pale ni M1 carbine, kile kibunduki chepesi cha wanajeshi wa Marekani vita vya pili, kimeorodheshwa kwa jina kwenye silaha zilizokatazwa. Garand ambayo ni kubwa na ina nguvu zaidi haimo. Usitafute mantiki, soma orodha.

New York bastola inataka leseni, na tangu Septemba 2022 bunduki ya semi-otomatiki nayo inataka leseni, maana yake Garand na SKS zimeingia humo, lakini Mosin au Enfield ya kukoki kwa mkono nje ya jiji haitaki. Ndani ya New York City kila bunduki inataka kibali.

California dukani unasubiri siku 10, na mwenye leseni ya mkusanyaji anayetaka nafuu zake lazima awe pia na cheti cha sifa (COE) kutoka idara ya sheria ya jimbo, na aripoti alichonunua. Massachusetts anza na kibali cha polisi wa mji wako kabla ya kitu chochote. Minnesota, mnaopenda Tokarev na Makarov, bastola inataka permiti.

Sheria hizi zinabadilika kila bunge la jimbo likikaa, kwa hiyo siku ya kununua fungua tovuti ya polisi wa jimbo au mwanasheria mkuu wa jimbo usome mwenyewe.

HATUA YA 4: Leseni yenyewe

Inaitwa aina ya 03. Dola 30 kwa miaka 3, umri kuanzia 21, unajaza fomu ya ATF 7CR na nakala unampelekea mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako. Ikitoka, muuzaji wa jimbo lingine anaweza kukutumia moja kwa moja silaha ya kundi la miaka 50. AR mpya, yaani bunduki ya kisasa, haihusiki, hiyo inapitia dukani kama kawaida. Na siyo leseni ya biashara, ukianza kununua na kuuza kwa faida umeivunja.

HATUA YA 5: Daftari

Kila silaha ya kundi hilo inayoingia na kutoka iandikwe: tarehe, umeipata kwa nani na anwani au namba ya leseni yake, mtengenezaji, modeli, serial namba, aina, kaliba. Ikitoka, umempa nani na lini. Andika siku hiyo hiyo, ATF wana haki ya kuja kulikagua mara moja kwa mwaka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka mimi nina viza ya F-1, rafiki yangu raia anaweza kuninunulia Mosin nikampa hela?
Jibu: Hapana kabisa mdogo wangu. Huko ni kununua kwa jina la mtu mwingine, tangu sheria ya 2022 kifungo kinafika miaka 15, na mtakamatwa wote wawili. Subiri karatasi zako.

Swali: Mume wangu anapenda historia, naweza kumnunulia Enfield iwe zawadi ya sikukuu?
Jibu: Dada zawadi ya kweli kwa hela yako inaruhusiwa, mradi na yeye awe anaruhusiwa kumiliki na jimbo lenu halitaki kibali kwa mpokeaji. Akikupa hela kwanza hiyo siyo zawadi tena.

Swali: Garand za CMP naweza kupata kwa grinkadi?
Jibu: CMP, shirika linalowauzia raia bunduki za zamani za jeshi la Marekani, wale wenye duka Anniston Alabama na Ohio, wanataka uthibitisho wa uraia. Kwa grinkadi nunua Garand hiyo hiyo dukani au kwa mkusanyaji.

Swali: Nimepata Mauser K98k ya bei nzuri ila aliyekuwa nayo alikata kitako akafunga darubini, bado inaingia kwenye leseni?
Jibu: Umbo la asili limeondoka mkuu, hiyo ipitishie dukani kwa fomu 4473. Bei nzuri ndiyo sababu yake hiyo.

Swali: Nahama kutoka Louisville kwenda Newark, nina M1 carbine na leseni ya 03.
Jibu: ATF waombe mabadiliko ya anwani siku 30 kabla ya kuhama. Na hiyo carbine usiingie nayo New Jersey, iuze Kentucky kwanza au muachie ndugu anayeruhusiwa awe mwenyewe kabisa, na uiandike kwenye daftari kwamba imetoka.

Swali: Naweza kuiweka kwenye kontena pamoja na vitu vya nyumbani niipeleke Mombasa, ni ya ukumbusho tu haipigi?
Jibu: Usithubutu ndugu yangu. Kuitoa hapa kunahitaji idhini ya serikali ya Marekani, na kuiingiza Kenya kunahitaji leseni ya huko kabla haijafika, Tanzania hali kadhalika. Ikikutwa bandarini katikati ya magodoro na friji, anayeitwa kwanza ni yule jina lake liko kwenye makaratasi ya mzigo, na mara nyingi huyo ni mama au shemeji aliyekuja kupokea.