Nafasi zimeshuka Google? Anza na kalenda kabla ya kugusa kurasa

Wateja wa mtandaoni wakipungua ghafla, wenye tovuti wengi hukimbilia kufuta makala, kubadilisha vichwa au kununua viungo. Acha kwanza. Sasisho la algoriti, yaani kanuni ambazo Google hutumia kupanga matokeo, ni mshukiwa mmoja tu kati ya wengi.

Fungua Search Status Dashboard, ukurasa ambako Google hutangaza masasisho yake, uone sasisho kuu (core update) la mwisho lilianza lini na likaisha lini. Lile la Machi 2024 lilianza tarehe 5 Machi, likakamilika 19 Aprili. Kwa siku zote hizo 45 nafasi huweza kupanda asubuhi na kushuka jioni, kwa hiyo kupima katikati ni kujichosha. Lisubiri liishe, kisha ongeza wiki nzima.

Sasa ingia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, kwenye ripoti ya utendaji. Linganisha wiki hiyo na wiki iliyotangulia kuanza kwa sasisho, zote Jumatatu hadi Jumapili. Tarehe za ripoti hufuata saa za California, ambazo ziko nyuma ya Kampala kwa saa 10 au 11, basi kilichotokea kwetu Jumanne alfajiri utakikuta Jumatatu. Chuja kwa nchi pia: anguko la wasomaji wa Uganda na la watalii wa Ulaya huwa na sababu tofauti.

Kama maonyesho (mara ambazo tovuti yako imetokea kwenye matokeo) yamepungua lakini nafasi ya wastani haijasogea, watu wamepunguza kutafuta. Algoriti haina kosa. Tovuti ya shule huchangamka muhula wa kwanza unapokaribia, halafu hupoa. Ripoti hutunza miezi 16, hivyo linganisha na kipindi kama hicho mwaka uliopita. Intaneti nayo huweza kuzimwa, kama Januari 2021 wakati wa uchaguzi wa Uganda, na grafu ikaanguka bila Google kubadilisha chochote.

Kagua pia, humo humo Search Console, sehemu ya hatua zinazochukuliwa na binadamu (Manual actions). Ukikuta ujumbe humo, umeadhibiwa na mtu, si algoriti: rekebisha kosa, kisha omba ukaguzi upya. Na kama tovuti imetengenezwa upya karibuni, hakikisha fundi hakusahau kuondoa agizo la noindex, linaloizuia Google kuonyesha ukurasa. Hilo hutokea mara nyingi kuliko mafundi wanavyokubali.

Ukishaondoa hayo yote, shuka hadi ukurasa mmoja mmoja. Kutoka nafasi ya 2 hadi ya 4, usiguse kitu. Kutoka ya 4 hadi ya 29, hapo pana kazi. Tuseme ni ukurasa wako wa bei ya kibali cha kuona gorila Bwindi. Andika swali lilelile kwenye Google, ufungue kurasa tatu zilizokupita. Je, wako bado unasema dola 700, wakati mgeni asiye mkazi analipa 800 tangu Julai 2024? Je, unaeleza Buhoma na Rushaga, sehemu mbili za Bwindi, zinatofautianaje kwa safari, au unasifu mandhari tu? Kubadilisha tarehe juu ya makala huku bei ya zamani ikibaki chini hakusaidii kitu.

Kosa jingine ni kurasa pacha: "Magari ya kukodi Kampala", kisha Jinja, Mbarara na Gulu, maneno yaleyale ila jina la mji. Ziunganishe kuwa ukurasa mmoja wenye bei na masharti ya kila mji, na anwani za zamani zielekezwe huko kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu. Usizifute hivihivi, utapoteza viungo vilivyokuwa vikielekea kwazo.

Kuhusu kasi, kipande kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, mguso ujibiwe ndani ya milisekunde 200, na alama ya kuyumba kwa ukurasa isizidi 0.1. Picha ya megabaiti 4 humlia mteja data. Ipunguze kabla ya kuipandisha. Hata hivyo kasi peke yake haiokoi makala dhaifu.

Andika daftarini kila badiliko: tarehe, ukurasa, ulichogusa. Mengine huonekana baada ya siku chache, mengine huchukua miezi, na baadhi ya kurasa hazipandi mpaka sasisho kuu lijalo. Usipoandika, siku hiyo hutajua kilichozipandisha.