Kabla ya jezi: mambo ya kuweka sawa ukitaka kuanzisha klabu ya mpira Lamu

Timu mpya haina taabu kuzaliwa Lamu. Vijana wako barazani baada ya Ishaa, mechi ya Uingereza imekwisha, mmoja anasema na sisi tuwe na yetu, na asubuhi mchango wa jezi umeshaanza kuzunguka kwenye WhatsApp. Jezi ndizo hununuliwa kwanza, na kwa maoni yangu ndizo zingefaa kuja mwisho. Timu nyingi za mtaani hufa huku jezi zake bado mpya, kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema timu ni ya nani, itacheza wapi, saa ngapi, na hela atashika nani.

Anza na hilo la mwenyewe. Timu ikiitwa kwa jina la mtaa hupata mashabiki siku hiyo hiyo, kwani mji wetu una ushindani wa Mkomani na Langoni tangu enzi za wazee. Lakini jina hilo hilo humfungia mlango kijana wa Wiyoni, wa Kashmir, au yule aliyekuja na wazazi wake kutoka bara na sasa anauza duka hapo gatini. Kama nia yako ni kuleta watu pamoja, tafuta jina ambalo hakuna mtaa unaoweza kulidai. Kisha kaeni kikao wazi, si cha marafiki watano, na muwaite wazee, akina mama, na imamu wa msikiti ulio karibu na uwanja. Mkitangulia kuwaona, hata siku mpira utakapopiga dirisha la mtu, shauri litaisha barazani.

Hapo hapo amueni kuhusu waheshimiwa. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na kadiri siku zinavyosogea ndivyo mipira na jezi za bure zitakavyoongezeka. Hakuna ubaya kupokea mpira. Ubaya ni kupokea jezi yenye picha ya mtu kifuani, maana kuanzia siku hiyo nusu ya mtaa haitakuja kuwatazama. Andikeni kwenye katiba kwamba msaada wa mwanasiasa unapokelewa bila picha na bila jina, na mwenye kukataa sharti hilo ashukuriwe kwa adabu.

Katiba yenyewe haihitaji kurasa nyingi. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kundi la watu wasiopungua 10. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii na kumbukumbu za kikao, orodha ya wanachama pamoja na nambari za vitambulisho, na majina ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mkitaka kutambuliwa kama klabu ya michezo, Sheria ya Michezo ya 2013 ina Msajili wa Michezo wake, na huo ni usajili mwingine kabisa. Mimi ningeanza na ule wa kwanza, kwa kuwa ndio utakaowawezesha kufungua akaunti ya benki, halafu huu wa pili ufuate klabu ikishasimama. Ligi za FKF, shirikisho la soka la Kenya, zinaweza kungoja. Ada, usafiri na malipo ya marefa vitaimaliza klabu changa kabla haijajijua.

Kuhusu hela, nitasema jambo moja kwa ukali: mchango usiingie kwenye M-Pesa ya mtu. Hata akiwa mwaminifu kama nani, siku simu yake imeanguka majini au ndugu yake amelazwa, maneno yataanza. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, wawili watoshe kutoa hela. Mapato na matumizi yasomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi mbele ya wachezaji, pamoja na ile shilingi mia ya maji. Na msidharau mchango mdogo. Watu 20 wakitoa shilingi 50 kila wiki, ni 1,000 kwa wiki, yaani 52,000 kwa mwaka. Klabu inayojilisha hivyo haipigi magoti kwa mtu.

Uwanja ndio shida ya kweli. Tangu mradi wa bandari ya LAPSSET ardhi ya huku imepanda bei, na kiwanja kitupu unachokiona leo kina mwenyewe, au kina watu watatu wanaokidai. Msifyeke wala kusawazisha kabla hamjaulizia ofisi ya ardhi na kupata ruhusa kwa maandishi. Shule ndiyo njia nyepesi: barua kwa mwalimu mkuu na bodi, ikitaja siku, saa, na nani atazoa takataka. Uwanja kamili una urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Msipoupata, watoto hawahitaji huo. Wachezesheni saba kwa saba kwenye nusu yake. Maji yakitoka, yaani bahari ikipwa, ufuo wa Shela ni uwanja mpana usio na kodi, ila mpiteni kwanza mkiokota chupa na mifupa ya samaki, na muweke kanuni: ama wote pekupeku ama wote na njumu. Mwenye njumu na asiye nazo wakigombea mpira mmoja, kitakachoumia ni kidole.

Magoli tunaweza kuyatengeneza wenyewe. Milingoti ya boriti inatosha, mradi inunuliwe kwa mwenye kibali, kwani ukataji wa mikoko unasimamiwa na idara ya misitu. Mtambaapanya, kwa goli la mita 7.32, ni afadhali uwe wa paipu, maana boriti ndefu hivyo hupinda katikati na kipa mrefu atagusa kwa kichwa. Wavu wapeni wavuvi waushone. Na goli la kuhamishika lazima lifungwe au liegemezwe mifuko ya mchanga, kwa sababu magoli yaliyoachwa wazi yameshaua watoto sehemu nyingi duniani, mtoto akining'inia tu.

Sasa saa. Mtu wa bara ataandika "mazoezi Jumanne na Alhamisi saa kumi" akadhani amemaliza. Hapa watoto wako chuoni, yaani madrasa, alasiri, wengine hutoka shule wakaenda moja kwa moja, na Magharibi huingia kama saa kumi na mbili na nusu. Dirisha lenu ni dogo, kwa hiyo ongeeni na walimu wa chuo kwanza, msiwe wa kuwaibia wanafunzi. Wavuvi nao hawafuati saa ya ukutani. Saa ya maji kujaa na kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku, na bamvua, yale maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mwekeeni kocha kalenda ya maji karibu na ile ya mechi. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari huchafuka na wachezaji wengi huwa pwani, basi mashindano yenu yawekeni humo. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia wengi watakuwa nje baharini. Ramadhani mazoezi huhamia baada ya tarawehe, na hapo ni suala la taa na jenereta.

Mechi za ugenini zinataka hesabu ya peke yake. Kwenda Mpeketoni au Witu ni boti hadi Mokowe kisha gari, na lazima mjue mtarudi saa ngapi, hali ya usalama barabarani ikiwemo. Kwenda Faza mnapita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, na maji yakiwa yametoka boti hukwama pale. Pate maji yakiwa madogo hushuki kwenye gati bali unatembea matopeni na begi kichwani. Mechi yenyewe ipangwe kwa maji, si kwa saa ya refa. Kila abiria awe na jaketi okozi, na idadi isipite ile boti inayobeba, hata kama mashabiki wanalia gatini.

Timu ya wasichana isiwe kitu cha baadaye. Mama akiona kuna kocha mwanamke, saa ya kurudi inajulikana, na mavazi yanaheshimiwa, atamruhusu bintiye. Kitambaa cha kichwa kilikubaliwa rasmi na wenye kutunga sheria za mpira mwaka 2014, kwa hiyo refa asiwatishe. Kwa watoto wote, wasichana na wavulana, mzazi aweke saini, wasiwe peke yao na mtu mzima mmoja, na picha zisitumwe hovyo.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bendeji, glavu na dawa ya kusafishia vidonda. Barafu tunayo: mwombeni mfanyabiashara wa samaki akubali kuwapa bonge siku ya mechi, lifungwe ndani ya kitambaa na kuwekwa kwenye kifundo kwa dakika 15. Aliyegongwa kichwa akazubaa atolewe, asirudi uwanjani siku hiyo, hata kama ndiye straika wenu.

Halafu kuna kifungu kimoja cha katiba ambacho watu huona haya kukiandika: klabu ikivunjika, mipira, magoli na salio la benki viende wapi. Chagueni shule au timu ya watoto, muitaje kwa jina, na watia saini wote watatu waweke sahihi chini yake.