Usilipie Gemu kwa Sababu ya Trela: Namna ya Kupima Mapitio na Matangazo

Minada ya korosho ikianza Oktoba, hela huanza kuzunguka Mtwara na Lindi, na ndio wakati kampuni za gemu zinaposhusha matoleo yao makubwa ya mwaka. Mwenye banda la PS4 pale Chuno au Magomeni ana fedha mkononi na trela kwenye simu. Asubiri kwanza.

Watu huuliza kama wahakiki wanahongwa. Shinikizo lipo kweli. Novemba 2007 mhakiki Jeff Gerstmann alifukuzwa kwenye tovuti ya gemu ya GameSpot baada ya kuipa gemu ya Kane & Lynch alama 6 kati ya 10, huku tovuti hiyohiyo ikiwa imejaa matangazo ya gemu hiyo. Mwaka 2016 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana Warner Bros. kwa kuwalipa wenye chaneli za YouTube waisifie gemu yake ya Shadow of Mordor bila watazamaji kuelezwa vya kutosha. Hata hivyo, kinachomuumiza zaidi mnunuzi wa huku ni kitu kingine: mhakiki hakucheza kwenye mashine kama yako.

Cyberpunk 2077 ndiyo mfano wa kukariri. Kabla haijatoka tarehe 10 Desemba 2020, wahakiki walipewa nakala za kompyuta tu, na hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Sifa zikamiminika. Waliokuwa na PS4 wakakuta picha zinakwama na gemu inajizima, na ndani ya siku chache Sony ikaiondoa dukani kwake. Wahakiki hawakudanganya, walisifia kompyuta yenye nguvu, wewe ukanunua ya PS4.

Kwa hiyo, kwenye kila mapitio tafuta kwanza jina la mashine iliyotumika. Halijaandikwa? Achana nayo. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, chagua ukurasa wa mashine yako, maana gemu moja huweza kupata alama ya juu kwenye PC na kuanguka kwenye PS4. Kisha angalia tarehe. Kampuni hutoa nakala mapema kwa sharti kwamba mapitio yasichapishwe kabla ya saa fulani. Siku ya kutoka ikifika na mashine yako bado haina mapitio hata moja, ngoja wiki mbili.

Baada ya hapo tafuta video ya mchezaji wa kawaida, isiyohaririwa, kwenye mashine ileile. Mnunuzi wa korosho hapangi bei kwa kutazama gunia. Huchukua sampuli, akazikata aone kiini. Usiitazame kwa 144p ili kubana bando: YouTube huonyesha fremu (picha) 60 kwa sekunde kuanzia 720p tu, na chini ya hapo kila gemu inaonekana nzito. Dakika 5 za 720p zinatosha, takribani MB 100. Ruka mwanzo, nenda sehemu yenye vurugu nyingi, maana huko ndiko gemu huganda.

Mwenye banda ana la ziada, ambalo wahakiki hulipitia juu juu: je, wawili wanacheza kwenye skrini moja? Gemu inaweza kusifiwa kwa "wachezaji wengi" kumbe ni mtandaoni tu, kila mtu na mashine yake. Soma idadi ya wachezaji kwenye ukurasa wa duka. Usipoona kuwa ni ya pedi mbili, gemu hiyo haitakurudishia hela ya umeme.

Kwenye simu, tangazo ni la kutiliwa shaka zaidi. Mwaka 2020 mamlaka ya matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo ya Homescapes na Gardenscapes kwa kuonyesha mchezo usiofanana na ule halisi. Kwenye Play Store panga maoni kwa mapya zaidi, usome ya nyota 2 na 3. Nyota 5 nyingi huombwa na gemu yenyewe ukishashinda. Nyota 1 mara nyingi ni hasira za kushindwa kuingia. Rudia kusoma maoni baada ya miezi miwili, hata kwa gemu za PS4: Crash Team Racing Nitro-Fueled ilitoka Juni 2019, na mauzo ya sarafu kwa fedha halisi yakaingizwa Agosti, mapitio yakiwa yameshaandikwa.

Kurudishiwa hela kuna masharti. Steam, duka la gemu za kompyuta, hurudisha ndani ya siku 14 kama hujapitisha saa 2 za kucheza, na saa huhesabika hata ukiacha gemu wazi kwenye menyu ukaenda kula. PlayStation Store ni siku 14 pia, ila ukishaanza kupakua, haki hiyo imekwisha, isipokuwa gemu yenyewe ikiwa mbovu. Zima upakuaji wa moja kwa moja. Bando la GB 70 halirudishwi na yeyote. Kulipia kabla ya gemu kutoka hakuna faida, nakala za mtandaoni haziishi.

Diski angalau unaweza kuiuza tena. Kabla ya kuichukua, uliza apdeti yake ni GB ngapi, kwa sababu kilichomo kwenye diski mara nyingi ni toleo lenye kasoro ambazo apdeti ndiyo huzirekebisha.